Lavenda Inakataa: Soma Dalili Kabla ya Kurudi Kwenye Mfuko wa Mbolea

Malalamiko kuhusu lavenda hufuata njia moja. Mmea unadorora, mwenye mmea anaamini una njaa, anaweka mbolea. Mmea unazidi kudorora, naye anaongeza tena. Mara nyingi shida ilianza kwenye mbolea yenyewe: imezidi, haifai kwa mmea huu, au imewekwa mahali ambapo tatizo lilikuwa maji. Kwa hiyo utatuzi wa lavenda huanza kinyume na ule wa mahindi au sukumawiki. Hatua ya kwanza, karibu kila mara, ni kusimamisha mbolea.

Asili ya mmea huu ni vilima vya mawe na chokaa kuzunguka Bahari ya Mediterania. Huko udongo ni haba, maji hayatuami na jua ni kali. Mizizi yake imezoea kuokota kidogo kidogo. Ukiipanda kwenye tuta jeusi lililoandaliwa kwa ajili ya mboga, itakua haraka, itakuwa kubwa na laini, kisha matatizo yataanza kufuatana.

ANGALIA HAYA KWANZA

Kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, kumbuka umeweka nini, lini na kiasi gani. Hesabu vyote: samadi ya wakati wa kupanda, mboji, busta ya majani (mbolea ya kunyunyizia), majivu, hata mbolea iliyowekwa kwenye nyasi za bustani na kusombwa na maji kutoka upande wa pili wa bustani. Mmea ulionunuliwa kitaluni nao huja na mbolea yake. Chokonoa udongo wa juu wa chungu. Ukikuta vipunje vya mviringo vya rangi ya njano, kijani au kahawia, hiyo ni mbolea inayoachia polepole. Bana kimoja kati ya kucha. Kikiwa kigumu, bado kina mbolea ndani. Kikipasuka na kutoa maji tu, au kikabaki ganda, kimekwisha. Mbolea ya aina hii hufuata joto, kwa hiyo ile iliyoandikwa kudumu miezi 8 huisha mapema zaidi kwenye chungu cheusi kinachopigwa na jua mchana kutwa, na chakula chote humwagika kwa mkupuo.

Kisha soma mfuko. Namba tatu zilizoandikwa juu yake ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo. Urea ni 46-0-0. DAP ni 18-46-0. CAN ina naitrojeni ya takriban 26 au 27 pamoja na kalsiamu. Ile NPK iliyozoeleka ni 17-17-17. Maana yake, gramu 100 za urea zina naitrojeni sawa na gramu 270 hivi za 17-17-17. Watu hubadilisha mfuko lakini hawabadilishi kijiko, na hapo ndipo lavenda nyingi huungua.

Chomeka kidole kwenye udongo hadi kizame chote. Je, chini kumelowa, kuna unyevu kidogo, au kumekauka? Halafu tazama ni majani gani yameathirika: ya chini yaliyokomaa, au machanga ya kwenye ncha. Jibu la swali hilo moja huondoa nusu ya dhana potofu.

Mwisho, ijue aina yako. Lavandula angustifolia na chotara wake, Lavandula x intermedia, hupenda udongo wenye pH (kipimo cha tindikali na alikali; 7 ni katikati) ya kati ya 6.5 na 7.5, na huvumilia hata kupita hapo. Lavandula stoechas, ile yenye vijani vya rangi vilivyosimama juu ya kichwa cha ua kama masikio ya sungura, hupendelea udongo wenye tindikali kidogo hadi wa kati. Wapo wanaomwaga chokaa kwenye kila lavenda kwa sababu wamesikia "lavenda hupenda chokaa". Stoechas haimo kwenye msemo huo.

MAJANI TELE, MAUA HAKUNA

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Mmea ni wa kijani kizito, matawi ni marefu, nafasi kati ya pingili na pingili ni kubwa, majani ni mapana na laini kuliko kawaida. Maua ni machache, au hayapo kabisa.

Chanzo cha kawaida ni naitrojeni iliyozidi. Naitrojeni husukuma majani na matawi, na mmea unaoendelea kuipata hauna haraka ya kuchanua. Washukiwa wa kwanza ni urea, mbolea ya nyasi na samadi ya kuku. Samadi ya kuku hudanganya wengi kwa sababu inaitwa ya asili, na watu huamini kwamba cha asili hakizidi. Ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, na ikiwa mbichi huunguza mizizi juu ya kukuza majani. Mshukiwa asiyetajwa sana ni tuta lenyewe: ukipanda lavenda mahali palipowekwa samadi kila msimu kwa miaka, huhitaji kuongeza chochote ili naitrojeni izidi.

Rekebisha hivi. Acha mbolea zote kwa msimu mzima. Kama juu kuna matandazo ya mboji au samadi, yaondoe, uweke kokoto mahali pake. Punguza mmea baada ya msimu wa maua, karibu theluthi moja ya urefu, lakini kila tawi libaki na majani mabichi. Ukikata hadi kwenye mti mkavu usio na jani, sehemu hiyo haichipui tena kwa kawaida. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: huhitaji dawa ya "kuondoa" naitrojeni. Mvua na umwagiliaji hushusha naitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, chini, na mmea hutumia iliyobaki. Msimu mmoja hadi miwili hutosha ardhini, na chunguni ni upesi zaidi.

Kuna wazo linalopendwa sana, kwamba mbolea ya fosforasi nyingi "italazimisha" maua. Haifanyi hivyo kwenye udongo ambao tayari una fosforasi ya kutosha. Fosforasi haisombwi na maji kirahisi, hujilimbikiza mwaka hadi mwaka, na ikizidi huzuia mmea kupata chuma na zinki. Unabaki na tatizo la maua na kujitengenezea tatizo la majani ya njano.

Ikiwa hujaweka mbolea kabisa na bado maua hayaji, angalia kivuli. Lavenda inahitaji angalau saa 6 za jua la moja kwa moja. Angalia pia wakati ulipopogoa: ukikata matawi muda mfupi kabla ya kuchanua, umekata maua yenyewe. Mmea wa mwaka wa kwanza nao huwa na maua machache, na si kosa la mtu. Chanzo cha mwisho hakina uhusiano na mbolea. Angustifolia huchanua vizuri zaidi ikiwa imepitia majira ya baridi. Mahali pasipo na baridi inaweza kubaki kichaka cha kijani kwa miaka, na hakuna mfuko utakaobadilisha hilo. Huko jaribu Lavandula dentata, yenye majani yaliyochongeka meno pembeni, ambayo haidai baridi ili ichanue.

KICHAKA KIMEFUNGUKA KATIKATI, MATAWI YANALALA

Huyu ni ndugu wa tatizo lililotangulia. Matawi yaliyokua upesi kwa naitrojeni hayana mti wa kutosha ndani yake, kwa hiyo mvua moja nzito huyalaza na katikati panabaki wazi. Sababu ya pili ni kutopogolewa kwa miaka kadhaa, na ya tatu ni kivuli kinachofanya matawi yavutwe upande mmoja.

Bonyeza tawi kwa vidole karibu na chini. Likipinda kama uzi, fuata maelekezo ya naitrojeni hapo juu. Likiwa gumu, la mti, lenye magamba, basi mmea umezeeka kwa kuachwa bila kukatwa, na mbolea haitamrudisha mzee ujana. Chukua vipandikizi uanze mmea mpya.

NCHA ZA MAJANI ZIMEUNGUA, ZIMEKUWA ZA KAHAWIA

Uliza kwanza: ilianza siku chache baada ya kuweka mbolea? Kama ndiyo, jibu karibu unalo. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Zikizidi kwenye udongo, mizizi hushindwa kuvuta maji hata kama maji yapo, na jani huanza kufa kutoka ncha, yaani sehemu iliyo mbali zaidi na mzizi. Kwenye vyungu utaona pia ukoko mweupe juu ya udongo, au mstari mweupe ukingoni mwa chungu cha udongo. Ukoko huo si ukungu. Ukwangue kwa ukucha: chumvi huvunjika kwa chenga na chembe ngumu, ukungu huwa laini wenye nyuzi.

Kazi ya kwanza ni kuosha udongo, na watu wengi huifanya nusunusu. Kwangua ukoko wote na uutupe, usiuchanganye na udongo. Weka chungu mahali ambapo maji yatatoka chini bila kizuizi, na uondoe kisahani. Mimina maji safi polepole, kiasi cha mara mbili hadi tatu ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 10 kinahitaji lita 20 hadi 30. Usimwage zote kwa pamoja. Mimina, subiri yapite, mimina tena. Maji ya mwanzo yanayotoka chini mara nyingi huwa ya rangi ya chai na yenye povu, kisha huanza kung'aa. Baada ya hapo acha chungu kikauke vizuri kabla ya kumwagilia tena, kwa maana umetoka tu kuilowesha lavenda kuliko inavyopenda. Majani yaliyoungua hayatarudi kijani. Pima mafanikio kwa majani mapya.

Kama maji yanasimama juu na hayashuki, acha kuosha mara moja. Udongo umefungamana, na ukiendelea utaua mizizi kwa kukosa hewa. Toa mmea, uhamishie kwenye mchanganyiko mpya wenye mchanga wa chembe kubwa au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa na maji) nyingi.

Ardhini kuosha ni kugumu zaidi, na kwenye udongo wa mfinyanzi sishauri. Kwangua mbolea inayoonekana, kisha mwagilia kwa kina mara moja. Ikiwa unahitaji potasiamu siku za mbele, chagua salfeti ya potasiamu badala ya kloridi ya potasiamu, ambayo huongeza kloridi kwenye udongo.

Chanzo cha pili cha ncha kuungua ni maji ya kumwagilia yenye chumvi. Mbolea haihusiki, lakini kila gramu ya mbolea huongeza juu ya chumvi hiyo. Cha tatu ni ukame wa kweli, ambao kidole kimeshakuonyesha. Kuungua kusikoeleweka, kunakoanzia pembeni mwa jani na kufuatiwa na kufa kwa tawi zima baada ya tawi, kusome kwenye sehemu ya mwisho.

MAJANI YANAGEUKA NJANO

Hapa ndipo watu hukimbilia mbolea kwa kasi zaidi, na ndipo wanapokosea zaidi. Njano ni dalili ya mambo mengi. Twende kwa mahali ilipo.

Majani ya chini, njano yenye usawa jani zima. Kwanza shuku maji mengi: mizizi inayokosa hewa haiwezi kuvuta naitrojeni hata ikizungukwa nayo. Kama udongo umelowa, usiweke chochote. Nenda kwenye sehemu inayofuata kuhusu kunyauka. Udongo ukiwa unakauka vizuri kati ya mwagilio na mwagilio, na mmea uko chunguni kwa zaidi ya mwaka bila kulishwa, basi ni njaa ya naitrojeni kweli, mojawapo ya nyakati chache ambapo lavenda huomba chakula. Mpe mbolea ya maji iliyo sawia, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja mwanzoni mwa msimu wa ukuaji. Rudia mara moja baada ya kupogoa ikiwa majani mapya bado yamepauka. Usimpe wakati udongo umekauka kabisa. Mwagilia kwanza, kisha mbolea.

Chanzo kingine cha njaa hiyo ni matandazo. Maranda au vumbi la mbao mabichi yakichanganywa na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni yote na kuuacha mmea bila kitu. Yaondoe. Kuweka urea juu yake ni kulisha vijidudu.

Na tusisahau kwamba majani machache ya chini kabisa, ndani ya kichaka yasikofika jua, hugeuka njano na kudondoka kila mwaka. Huo si ugonjwa.

Majani machanga, njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Huu ni upungufu wa chuma, na mara nyingi chuma kipo tele kwenye udongo ila kimefungwa. Hufungwa pH inapopanda sana, na lavenda nyingi hufikishwa huko na mkono wa mtu: chokaa ya kila mwaka, majivu ya kila wiki, unga wa mifupa kwa sababu mtu alishauri. Jaribio rahisi ni siki. Chota udongo mkavu, dondoshea siki. Ukitoa povu, una chokaa ya kutosha, na hutakiwi kuongeza chokaa wala majivu. Jaribio hili halikupi pH kamili. Hilo ni la kipimo au maabara.

Rekebisho la haraka ni chuma kilichoshikwa na kiambata ili udongo usikifunge, kinachouzwa kama cheleti. Soma herufi. Cheleti ya EDTA hupoteza nguvu udongo ukiwa na alikali. Iliyoandikwa EDDHA hustahimili. Kununua ya kwanza kwa udongo wa pH 8 ni kutupa pesa. Rekebisho la kudumu ni kuacha kinachopandisha pH. Udongo wenye baridi na maji mengi pia huleta dalili hizihizi kwa muda, kisha hupotea joto likirudi, kwa hiyo usiharakishe.

Majani ya chini, njano kati ya mishipa. Fikiria magnesiamu. Wengi hufikia hapa baada ya kuweka potasiamu nyingi, kwa kuwa hizo mbili hushindana kuingia kwenye mzizi. Salfeti ya magnesiamu inasaidia ikiwa upungufu ni wa kweli. Kama haupo, ni chumvi nyingine tu. Ushauri wa kuinyunyizia lavenda kila mwezi "ili inawiri" hauna msingi.

Mabaka ya njano kali, yenye mipaka, huku majani yakiwa yamepinda. Acha mbolea kabisa. Hii inaelekea kuwa virusi vya mozaiki vya lusani. Huenezwa na vidukari na mkasi wa kupogolea, na havina tiba. Ng'oa mmea, safisha mkasi, na usichukue vipandikizi kutoka kwake hata kama unaupenda vipi.

MMEA UNANYAUKA HUKU UDONGO UMELOWA

Usimwagilie. Usiweke mbolea. Sehemu hii ni fupi kwa sababu uamuzi wake ni mfupi.

Sababu inayoongoza ni kuoza kwa mizizi, hasa kwa vimelea vya Phytophthora, ambavyo hushamiri kwenye udongo usiopitisha maji. Mbolea inachangia: naitrojeni nyingi hutoa tishu laini zinazoshambuliwa kirahisi, na mboji nyingi hushikilia maji kuzunguka shina. Mboji ikihitajika, tandaza sentimita 1 au 2 tu, mbali na shina.

Toa mmea chunguni, au fukua upande mmoja. Mzizi wenye afya ni mweupe au wa rangi ya maziwa na hukatika kwa mlio. Uliooza ni wa kahawia au mweusi. Ukiuvuta kwa vidole ganda la nje huteleza na kubaki uzi mwembamba katikati. Kwangua gome la shina pale linapokutana na udongo. Likiwa la kijani ndani, bado kuna nafasi: kata mizizi iliyooza, panda kwenye mchanganyiko mkavu wenye kokoto, kaa bila kulisha hadi machipukizi mapya yaonekane. Likiwa la kahawia kuzunguka shina lote, mmea umekufa ingawa juu bado ni wa kijani. Dawa za kuvu hukinga mimea iliyobaki, haziponyi huo. Usiutupe kwenye shimo la mboji, wala usitumie udongo wake kupandia lavenda nyingine.

Mimea kadhaa ikinyauka kwa mstari kwenye shamba, acha kujaribu mwenyewe. Pita kwenye sehemu ya mwisho.

UMEDUMAA, HAUKUI WALA HAUFI

Tafuta mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu kabla ya kitu kingine. Kisha pima pH. Urea na salfeti ya amonia, zikitumika miaka mfululizo, huongeza tindikali kwenye udongo; kwa angustifolia, udongo ulioshuka chini ya 6 ni sababu tosha ya kudumaa. Hapa, na kwa kweli hapa tu, chokaa ni dawa. Kiasi chake hutegemea aina ya udongo, kwa hiyo kipatikane kwenye majibu ya maabara. Chukua udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20 kutoka sehemu kadhaa, changanya, peleka kiasi. Chokaa huchukua miezi kufanya kazi. Kuiongeza baada ya wiki tatu kwa sababu "haijaleta mabadiliko" ndiyo njia ya kufika kwenye upungufu wa chuma niliousema juu.

Onyo: usichanganye chokaa au majivu na urea, DAP wala samadi mbichi ya kuku. Gesi ya amonia hutoka, naitrojeni hupotea hewani, na macho na kifua huumia, hasa ukichanganya ndani ya chumba. Achanisha kwa wiki kadhaa, vaa glavu na uzibe pua na mdomo unapomwaga chokaa.

Kwa mwenye shamba kuna sababu ya ziada. Kila mavuno ya maua hubeba madini kutoka shambani, jambo ambalo mwenye vichaka vitatu mlangoni halimhusu. Shamba la kichanga lililovunwa miaka mingi linaweza kweli kuwa na njaa. Lipimwe udongo, lilishwe mwanzoni mwa msimu wa ukuaji, na naitrojeni igawanywe. Naitrojeni ya mwisho wa msimu huleta machipukizi laini yanayouawa na baridi.

MACHIPUKIZI YAMEJIKUNJA NA KUSOKOTEKA

Angalia kwanza chini ya majani kama kuna vidukari. Kama hawapo, na tatizo lilianza wiki chache baada ya kuweka samadi au mboji mpya, shuku mabaki ya dawa ya kuua magugu. Dawa kama aminopyralid na clopyralid hupuliziwa malishoni. Ng'ombe au farasi hula majani, dawa hupita tumboni bila kuvunjika, na samadi huja nayo. Inaweza kubaki humo hata baada ya samadi kuiva.

Jaribio ni rahisi na kila mnunuzi wa samadi angepaswa kulifanya kabla. Jaza vyungu vitatu mchanganyiko wa samadi hiyo na udongo safi, vitatu udongo safi pekee. Panda maharagwe kwenye vyote. Subiri wiki mbili hadi nne. Maharagwe ya samadi yakijikunja na yale mengine yakinyooka, umepata jibu. Kwangua samadi yote uwezayo kutoka kwenye lavenda, usiiuze wala kumpa mtu, na usijaribu "kuisaidia" mimea kwa busta.

HARUFU HAFIFU

Ponda jani au kichwa cha ua kati ya vidole. Mmea ulionenepeshwa na kumwagiliwa sana hutoa majani mengi kuliko manukato. Punguza maji, simamisha naitrojeni. Lakini kabla ya kulaumu mbolea, hakikisha umevuna kwa wakati na mmea unapata jua, na kumbuka kuwa chotara na angustifolia havinukii sawa.

WAKATI WA KUSIMAMA NA KUMWITA MTAALAMU

Mwite afisa kilimo au maabara ya afya ya mimea ikiwa mimea mingi inakufa kwa mabaka yanayopanuka. Ikiwa majani yanaungua pembeni na matawi yanakauka moja moja bila historia ya mbolea, chumvi wala ukame. Au ikiwa mashada yamekuwa membamba, ya njano, na maua yamedumaa shamba zima. Lavenda ni mojawapo ya mimea inayobeba Xylella fastidiosa, bakteria aliyekutwa Italia mwaka 2013 kwenye mizeituni, na ambaye katika nchi za Umoja wa Ulaya ni lazima kuripotiwa. Ufaransa mashamba ya lavenda yameumizwa na stolbur, fitoplazma (kimelea cha jamii ya bakteria) inayoenezwa na kidudu mfyonzaji kiitwacho Hyalesthes obsoletus. Magonjwa yote mawili huonekana mwanzoni kama njaa au kiu, na yote mawili hayasikii mbolea. Usihamishe mimea wala vipandikizi kutoka hapo hadi majibu yatoke.

Peleka mmea mzima unaoanza kuumwa, pamoja na mizizi na udongo wake, ndani ya mfuko safi. Mmea uliokwisha kufa hausaidii sana, kwa kuwa vimelea vya kuozesha huwa vimeshafunika chanzo. Peleka pia picha ya lebo za mbolea ulizotumia na tarehe ulizoziweka. Na usimwage dawa ya kuvu wala busta kabla sampuli haijachukuliwa: dawa inaweza kuficha kimelea maabara ikashindwa kukiona, na busta hugeuza rangi ya majani ambayo mtaalamu alihitaji kuisoma.